Miaka 20 ya Seruka na wajibu wa anayesikia kwanza

Mwaka 2023 Kituo cha Seruka cha Bujumbura kilitimiza miaka 20. Kwa miaka yote hiyo kimepokea watu waliobakwa, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi. Kimewatibu bila kuwatoza faranga, na kimetunza siri zao. Gazeti hili linaungana na wakazi wa jiji kukipongeza. Hakuna mtaa wa Bujumbura usio na familia inayokishukuru kituo hiki, hata kama familia hiyo haitatamka shukrani zake hadharani.

Taasisi nyingine zikifikisha umri huu huwaita jukwaani watu waliopitia mikononi mwao. Shule huwaonyesha mawaziri iliowasomesha. Hospitali huwaonyesha watoto waliozaliwa humo. Watu wa Seruka hawapandi jukwaani. Wako soko la Ruvumera wakiuza ndagala, wako darasani, wako kwenye foleni ya basi la Kinama, na jirani aliyesimama nyuma yao hajui lolote. Jirani akiwa hajui, kituo kimefanya kazi yake sawasawa.

Basi ni juu yetu, umma, kusema kwa niaba yao kwamba kazi hii tumeiona.

Inafaa kukumbuka 2003 ulikuwa mwaka wa namna gani. Vita vilivyofuata mauaji ya Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, vilikuwa vinaelekea kutimiza miaka 10. Mkataba wa Arusha ulikuwa umetiwa saini tangu Agosti 2000, lakini waasi wa CNDD-FDD na FNL walikuwa bado vitani. Aprili 2003 Pierre Buyoya alimkabidhi Domitien Ndayizeye uongozi wa mpito. Julai mwaka huohuo FNL walishambulia Bujumbura kwenyewe, na watu wa mitaa ya kusini wakahama na magodoro vichwani. Milima ya Bujumbura Vijijini inayolizunguka jiji ilikuwa haikaliki.

Katika mwaka huo Madaktari Wasio na Mipaka, tawi la Ubelgiji, walifungua kituo cha afya ya wanawake kilichoitwa Seruka. Hospitali zilikuwepo: ya Prince Régent Charles, ya Kamenge, na Kliniki ya Prince Louis Rwagasore. Ila ilikuwa zama za mgonjwa kulipia kila kitu, na aliyebakwa alikaa benchi moja na mwenye malaria, akaeleza yaliyompata mbele ya dirisha la malipo. Seruka ilileta utaratibu mwingine. Mtu anapokelewa na mtu mmoja, katika chumba kimoja, mlango umefungwa, na anachosema hakitoki nje bila ridhaa yake. Matibabu, ushauri nasaha na msaada wa kijamii anavipata chini ya paa moja.

Uamuzi mmoja wa wakati ule unastahili kusifiwa peke yake. Kituo kilifunguliwa kama mahali pa afya ya wanawake, chenye uzazi wa mpango na tiba ya magonjwa ya zinaa pamoja na huduma kwa waliobakwa. Aliyeingia getini hakujulikana amefuata nini. Katika jiji ambalo habari ya Buyenzi inafika Ngagara kabla ya adhuhuri, busara hiyo iliokoa heshima za watu wengi.

Wakaja kwa wingi. Kati ya 2004 na 2006 kituo kilipokea kwa wastani zaidi ya watu 1,000 kila mwaka, na mwaka 2007 Amnesty International ikaiweka hali hiyo mbele ya dunia katika ripoti yake juu ya ubakaji nchini Burundi, wakati wa vita na wakati wa amani.

Maneno hayo ya mwisho, wakati wa amani, yalitugusa pabaya. Wengi wetu tuliamini kwamba bunduki zikinyamaza, wanawake watapumzika. Silaha zilinyamaza, waliokuwa msituni wakaingia serikalini na kambini, na Seruka ikaendelea kupokea watu. Waliofika walitaja jirani, mjomba, baba wa kambo, mpangaji, mfanyakazi wa nyumbani, mwalimu. Wengi wao walikuwa watoto. Kituo kililiambia taifa ukweli ambao taifa halikuupenda, na hakikurudi nyuma.

Mwaka 2009 kulitokea mambo mawili. La kwanza, tarehe 22 Aprili, Burundi ilipata sheria mpya ya makosa ya jinai iliyoongeza adhabu za ubakaji na kutamka kwa mara ya kwanza kwamba mume anaweza kuhukumiwa kwa kumbaka mkewe. Adhabu iliyowekewa kosa hilo ndani ya ndoa, siku 8 jela na faini ya faranga 10,000 hadi 50,000, ilikuwa tusi kwa wake wa nchi hii, na tunalisema hilo bila kusita. Hata hivyo kosa lilikuwa limepata jina katika kitabu cha sheria. Sheria mahususi ya kuzuia ukatili wa kijinsia, kulinda wahanga na kuwaadhibu wakosaji ikafuata tarehe 22 Septemba 2016.

La pili ni kwamba Madaktari Wasio na Mipaka waliondoka, na funguo za kituo zikashikwa na Warundi wenyewe chini ya shirika la Initiative Seruka. Wasomaji wetu wanajua jinsi miradi ya wageni inavyoisha hapa kwetu. Mzungu akipanda ndege, bango linabaki linashika kutu, gari linakufa uani, wauguzi wanatawanyika. Seruka haikufuata njia hiyo. Ilibaki na saa zake 24, ilibaki bure, na leo imeishi mikononi mwa wenyeji muda mrefu zaidi ya mara mbili kuliko ilivyoishi mikononi mwa waanzilishi wake.

Haikuwa rahisi. Aprili 2015, wakati wa maandamano, mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke ilifungwa kwa vizuizi, na mtu aliyekuwa na shida usiku hakuweza kuvuka mtaa kwenda mwingine. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali, na haukuondoa zuio hilo mpaka Februari 2022. Oktoba 2018 mashirika ya kigeni yalisimamishwa kwa miezi mitatu. Kisha kukaja uviko, kisha uhaba wa mafuta. Katika yote hayo taa ya mapokezi iliendelea kuwaka. Walioiwasha ni wauguzi, washauri nasaha, madereva, walinzi na wapishi. Mishahara yao ni ya kawaida, na wanachosikia kazini hawawezi kukisimulia wakifika nyumbani.

Pongezi hizo ni haki yao. Sasa tunageukia jambo linalotuhusu sisi tulio nje ya geti.

Seruka haiwezi kwenda kumtafuta mtu aliyebakwa. Haijui yuko wapi. Inangoja aletwe, na anayemleta au kumwelekeza karibu kila mara ni mtu mwingine aliyesikia kwanza: muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, mkuu wa mtaa, polisi, imamu, padri, shangazi. Kituo chenye wataalamu bora kuliko wote hakina la kufanya ikiwa mtu huyo wa kwanza amenyamaza, amekemea, au amesema tuliache tu mpaka kesho. Miaka 20 ya Seruka imejengwa na watu hao wa nje kwa kiasi kilekile ilivyojengwa na wa ndani.

Tutazame jambo linavyotokea. Katika kituo cha afya cha Bwiza au Kanyosha, habari hii haisemwi mlangoni. Mama amekuja kwa sindano yake ya uzazi wa mpango. Muuguzi amempima presha, amejaza daftari, ameuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Mama anajibu neno mojamoja. Daftari linafungwa, na mama hainuki kitini. Anauviringisha upindo wa kitenge kidoleni, anauachia, anauviringisha tena. Kisha anauliza kama sindano hiyo inaweza kutoa mimba iliyoingia juzi. Muuguzi mzoefu anatambua kwamba swali hilo si la sindano.

Hapo ndipo kazi ya Seruka inapoanza, kilomita kadhaa kutoka getini pake, kwa mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya wafanyakazi wake.

Muuguzi akiuliza: saa zile ulikuwa unakwenda wapi? kwa nini hukupiga kelele? basi mama ataomba radhi, atachukua mkoba wake na hataonekana tena. Akifunga mlango, akavuta kiti karibu, akamwambia kwamba amesikia, kwamba kosa si lake, na kwamba kuna watu wa kumsaidia leo hii, amefanya nusu ya tiba. Shirika la Afya Duniani linawafundisha watoa huduma wa kwanza jambo hilohilo: sikiliza, uliza anahitaji nini, mwamini, angalia usalama wake, mkabidhi kwa wenye utaalamu. Mtoa huduma hatakiwi kuchunguza kisa kama hakimu, wala kumfanya asimulie kila kitu ambacho atalazimika kukisimulia upya kule anakokwenda.

Tuna msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Gazeti hili linaomba tuache kuwaambia waliobakwa maneno hayo. Mama yule hakuficha kwa ukaidi. Aliwapima watu waliomzunguka, akaona hapana wa kumwambia, akanyamaza ili aishi. Tukitaka watu waseme, mizani iko upande wetu.

Na saa zinakwenda. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayowahiwa ni faida. Humezwa kwa siku 28 bila kukatisha. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi siku ya 5, lakini nguvu yake inapungua kadiri siku zinavyopita. Kuna chanjo ya homa ya ini aina B, kuna kinga ya pepopunda, kuna dawa za kisonono, kaswende na klamidia.

Mwanafunzi aliyebakwa Ijumaa saa tatu usiku akamweleza mwalimu wake Jumatatu saa mbili asubuhi ametumia saa 59. Zimebaki 13. Mwalimu akisema ngoja nimwambie mkuu wa shule, mkuu wa shule akasema tukutane kesho na wazazi, tayari kinga dhidi ya VVU imekosekana, na hakuna kikao cha Jumanne kitakachoirudisha. Mwalimu huyo hakuwa na nia mbaya. Alifuata ngazi za ofisi. Ndiyo sababu tunasema kila shule ya jiji iwe na utaratibu ulioandikwa: mtoto anapelekwa kituoni kwanza, siku hiyohiyo, vikao baadaye.

Hata hivyo mtu asikatazwe kwenda kwa kuwa saa 72 zimepita. Majeraha yanatibika baada ya wiki. Usingizi uliopotea unatafutiwa dawa baada ya miezi. Wapo waliofika kwa washauri nasaha miaka mingi baada ya tukio, la wakati wa vita pengine, na walipokelewa kama waliofika jana.

Rufaa ina mambo yake madogo ambayo watu wa kazi hii wanayajua, na sisi wengine tunapaswa kuyajua. Karatasi ya rufaa isiandikwe neno ubakaji kwa herufi kubwa, ikashikwa na mtoto wa miaka 15 ndani ya basi. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa kuwa kwenye plastiki zinaoza na ushahidi unapotea. Kama hajaoga, angoje daktari amwone. Kama ameoga, asigombezwe, aende hivyohivyo. Apigiwe simu mapokezi wajue anakuja. Apewe nauli. Asindikizwe na mtu anayemtaka yeye, na huyo anayemtaka huenda asiwe mama yake wala mumewe.

Nauli si jambo la pembeni. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Mafuta yakikosekana, foleni za basi zinafika usiku. Mtu aliyeumizwa, anayevuja damu, anayemwogopa kila mwanamume anayesimama karibu naye, hatasimama kwenye foleni hiyo kwa muda wa saa tatu. Atarudi nyumbani alale. Rufaa isiyo na gari ni karatasi tu.

Na ridhaa ni yake. Mtu mzima akisema leo hapana, aelezwe saa zilizobaki, aelezwe njia ya kufika, aachiwe mlango, asiburutwe. Amekwisha kulazimishwa mara moja. Mtoto ana habari nyingine: sheria inamlinda hata dhidi ya wazazi wanaotaka yaishe kimyakimya.

Hapa tuseme wazi juu ya suluhu za nyumbani. Mpaka leo, kwenye vilima vinavyolizunguka jiji na hata ndani ya mitaa yake, wazee wa pande mbili wanakaa, bia inanunuliwa, mbuzi au kiasi cha fedha kinatajwa, na msichana anarudishwa kuishi umbali wa kibarazani na aliyembaka. Wakati mwingine anaozwa kwake. Tunawaheshimu wazee hao, bashingantahe, na kazi yao ya kupatanisha watu juu ya mipaka ya mashamba na madeni. Ubakaji hauna mpaka wa kupimwa. Mzee aliyeletewa kesi hiyo ana amri moja: msichana aende Seruka, na kesi iende kwa mwendesha mashtaka. Daktari atatoa cheti, na cheti hicho mahakamani kina uzito kuliko kreti zote za bia.

Shule nazo zina deni. Juni 2018 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuwaondoa katika shule za kawaida wasichana waliopata mimba, pamoja na wavulana waliowapa mimba. Mwezi mmoja baadaye waraka ulifutwa, na tuliona kwamba ulifutwa kwa haki. Lakini habari za waraka huo zilienea, na wasichana walisikia. Msichana aliyebakwa akaambiwa kwamba mimba itamfukuza darasani atamficha mwalimu mpaka tumbo litakapoonekana. Walimu wana kazi ya kuirudisha imani iliyopotea wiki zile, na hawajaimaliza.

Tunataja kwa heshima mashirika ambayo yamekuwa daraja la Seruka, kwa kuwa jubilei hii ni yao pia. ABUBEF imetoa huduma za uzazi wa mpango tangu 1991, na vyumba vyake ni miongoni mwa vile ambamo upindo wa kitenge huviringishwa. ANSS, shirika la kuwasaidia wenye VVU, iliasisiwa mwaka 1993 na Jeanne Gapiya, mwanamke aliyesimama mbele ya Warundi na kutaja hali yake ya VVU wakati ambapo hakuna aliyethubutu. Wanawake waliofuata majibu ya damu huko walieleza pia walivyoambukizwa. SWAA Burundi, Chama cha Wanawake Wanasheria, Nturengaho: kila mmoja amebeba kipande cha njia, kuanzia kumpatia aliyefukuzwa mahali pa kulala mpaka kumsindikiza mbele ya hakimu. Mtu aliyebakwa hahitaji daktari peke yake. Anahitaji watu wanaofahamiana na wanaopokezana.

Nje ya jiji, Gitega ina kituo cha Humura tangu 2012, ambako tiba, polisi na sheria vimewekwa pamoja chini ya serikali, na mikoa mingine imeanza kufuata. Majirani wetu nao wamejenga. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilimpatia Dakta Denis Mukwege Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Hospitali ya Wanawake ya Nairobi ilifungua kituo chake mwaka 2001, Rwanda ilifungua Isange mwaka 2009, Zanzibar nayo ina kituo chake Mnazi Mmoja. Arusha, mji uleule uliotupatia mkataba wetu wa amani, ndiko mahakama ya kimataifa ilikotamka mwaka 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Eneo letu limelipa gharama kubwa kupata ujuzi huu. Seruka ni miongoni mwa waliotangulia, na Bujumbura ina haki ya kujivunia hilo.

Kuna jambo moja la lugha. Jiji hili ni la Kirundi, na ni la Kiswahili pia. Buyenzi inaota kwa Kiswahili. Wakimbizi kutoka Uvira na Fizi, wanaovuka Rusizi kupitia Gatumba, wanakuja na Kiswahili, na wengi wao wanakuja na majeraha. Mwanamke anaweza kununua chumvi kwa lugha ya kuazima. Kueleza alivyobakwa kwa lugha ya kuazima hawezi, na mkalimani akiwa ni mtoto wake mwenyewe au jirani wa kambini, hatasema ukweli. Kila kituo cha afya cha Buyenzi, Bwiza na Kinama kiwe na mtu wa kusikiliza kwa Kiswahili aliyefunzwa kazi hiyo, na kila bango linaloelekeza Seruka lisomeke kwa lugha hiyo.

Kiswahili hicho kiwafikie na wanaume. Wavulana hubakwa. Wanaume hubakwa, magerezani, vitani, majumbani. Ni wachache wanaofika kituoni, na sababu yake tunaijua: tumewafundisha kwamba jambo hilo haliwezi kuwapata. Muuguzi anayemwona kijana ana michubuko asiyoweza kuieleza aulize kwa upole uleule, na amwelekeze kulekule.

Miaka inayokuja inaleta wajibu mzito kwa serikali. Kwa miongo miwili huduma hii imetegemea kwa sehemu kubwa mifuko ya wafadhili. Hadi mwaka 2023 dawa za VVU zilizotumika nchini ziligharimiwa zaidi na Mfuko wa Dunia na serikali ya Marekani. Tunawashukuru. Lakini mtoto aliyebakwa Kamenge ni raia wa Burundi, na tiba yake haiwezi kungoja mkutano wa Geneva au wa Washington. Uamuzi wa 2006 wa kuwatibu bure watoto wa chini ya miaka mitano na wanawake wanaojifungua ulionyesha kwamba serikali ikitaka, inaweza. Aliyebakwa anastahili mahali katika uamuzi wa aina hiyo.

Wauguzi wafundishwe kusikiliza tangu chuoni, sehemu ya mtihani wao, badala ya semina ya siku mbili hotelini. Polisi wawe na dawati lenye mlango. Manispaa itoe kibali kwa magari na pikipiki zinazobeba watu wa rufaa kuingia katikati ya jiji saa yoyote, na kituo kipewe kipaumbele kwenye pampu za mafuta kama magari ya wagonjwa. Madhehebu yote, yenye minara na yenye misalaba, yaandike namba ya simu ya Seruka kwenye mbao zao za matangazo.

Wabunge wetu huipigia kura bajeti ya kila mwaka wa fedha kabla ya Julai. Gazeti hili linazitaka Wizara ya Afya na wizara inayoshughulikia mshikamano wa kitaifa zipeleke humo fungu lenye jina lake: dawa za kinga kwa kila kituo cha afya cha jiji, ili kidonge cha kwanza kimezwe palepale aliposikilizwa, nauli ya rufaa, mishahara ya washauri nasaha, na ruzuku ya kudumu kwa Seruka. Tutalitafuta fungu hilo katika kurasa za bajeti, na tutawaambia wasomaji wetu tulichokiona.